Gari Haivuti? Usiniambie "Injini Imekwisha" Kabla Hujapima

Wasee, wale mlikuja hapa kwa vituko vya mpakani, leo hakuna kuchekeshana. Leo nataka kugombana.

Nagombana na sentensi moja tu: "Hii injini imekwisha."

Zunguka gereji za huku kwetu, anza Busia mjini, pitia Alupe na Adungosi hadi ufike Malaba, utaisikia. Mtu analeta nissan ya abiria 14 (ndiyo, tunaiita nissan hata kama ni Toyota), anasema haivuti. Fundi anakanyaga mafuta mara mbili, anainamisha kichwa, anakunja uso, halafu hukumu inatoka. Injini imekwisha, mama. Tafuta ingine.

Hajapima kitu. Hakuna geji imetoka kwa sanduku. Hakuna plagi imefunguliwa. Ni sikio tu, na bei.

Msimamo wangu ni huu: kuhukumu injini bila kuipima ni kumwibia mtu. Fundi anaweza kuwa hana nia mbaya kabisa, lakini pesa ya mwenye gari haijui nia. Ikienda imeenda.

Nipeni mfano wa nyumbani. Shangazi yangu ana HiAce ya petroli, injini ya 2TR, ile ya sisi 2,693. Aliinunua ikiwa tayari imekula kilomita nyingi, na ile namba iko kwa dashibodi mimi siiamini hata kidogo. Hiyo gari imelipa karo ya watoto wawili. Mwaka jana ikaanza kutetemeka ikiwa imesimama. Baadaye ikaanza kukosa nguvu. Kwa tambarare inaenda vizuri tu. Lakini ikijaza watu, ikitoka Kisumu kurudi Busia, ikifika ule mlima wa Kisian kupanda Maseno, inakufa hadi gia ya pili na trela zinapiga honi nyuma.

Gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilimpa ile sentensi. Akaenda kwa chama, akakopa. Injini ya mtumba ikaletwa, ikafungwa pamoja na koili zake na plagi zake. Gari ikawaka, kutetemeka hakuna. Watu wakapiga makofi. Ile injini ya zamani ikabaki pale gereji kama sehemu ya malipo.

Wiki iliyofuata, Kisian. Gia ya pili. Honi nyuma.

Aliyemaliza hiyo kesi ni fundi mmoja kijana wa Malaba, na alitumia dakika chache sana. Alichomeka geji ya vakyumu, ile inayopima vile injini inafyonza hewa, kwa paipu ndogo ya manifoldi. Gari ikiwa imesimama, sindano ilikaa sawa. Akaomba dere ashikilie mafuta kwa mizunguko kama 2,500. Sindano ikapanda, halafu ikaanza kushuka yenyewe, polepole, kama maji yanayopungua kwa tangi. Akasema, "Hii gari inavuta pumzi ndani lakini haitoi nje." Akalegeza bolti za ekzosti kabla ya katalisti, wakaenda raundi moja na kelele kama ya ndege. Gari ikavuta kama mpya.

Katalisti ikafunguliwa. Ndani inafaa kuwa na vijitundu vingi kama sega la nyuki. Hii ilikuwa imeyeyuka, imeganda, imeziba karibu yote.

Sasa rudi nyuma uone vile mambo yalipangana. Kule kutetemeka kwa mwanzo ilikuwa dalili ya koili mbovu. Koili ikikosa kuchoma, petroli ya hiyo silinda inatoka mbichi, inaenda kuchomekea ndani ya katalisti. Katalisti inashika moto kupita kiasi, inayeyuka, inaziba. Injini inakosa mahali pa kutolea moshi, nguvu inapotea. Kwa hivyo kilichoanza ni koili moja. Kilichobadilishwa ni injini nzima. Kilichokuwa kimeziba kikaachwa pale pale chini ya gari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hapa ukuta ulijengwa nyumba ya jirani, na ufa bado unavuja.

Na ile injini ya kwanza? Hakuna mtu anajua kama ilikuwa mbovu. Hakuna mtu aliipima. Chama bado kinalipwa.

Hii kitu tayari tumeisuluhisha, lakini kwa hospitali

Busia ni kaunti ya malaria. Hakuna mtu wa huku hajaugua. Wazazi wetu watakwambia vile ilikuwa zamani: mtoto akiwa na homa, ni malaria, leta dawa. Hakuna kupima. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Leo ukienda zahanati na mtoto anachemka, wanamtoboa kidole, wanaweka damu kwa kile kipimo kidogo, mnangoja. Kwa nini? Kwa sababu homa si ugonjwa. Homa ni dalili, na magonjwa mengi yanaitumia.

"Haivuti" pia ni dalili. Inaweza kuwa hewa, petroli, moto wa plagi, moshi usiotoka, taimingi, kompresheni, breki zinazoshika, klachi inayoteleza, hata zulia la sakafuni. Ukiniambia "haivuti, basi ni injini", wewe ni yule wa zamani: homa, leta dawa. Tofauti ni kwamba hii dawa yako inakopewa kwa chama.

Sasa, inapimwaje?

Sitaki mtu aseme nimepiga kelele bila kusaidia. Huu hapa mpangilio. Sheria ni moja: anza na kitu cha bure, malizia na kitu cha kufungua injini. Ukiona fundi anaanza na kufungua injini, jua anasoma kitabu kutoka nyuma.

Kwanza, uliza maswali. Inakosa nguvu lini? Ikiwa baridi au ikishika moto? Mlimani pekee au hata tambarare? Ilianza ghafla au polepole? Iliwekwa petroli wapi mara ya mwisho? Dere ndiye anajua hayo majibu, si mwenye gari aliyekaa nyumbani. Ongea na dere.

Pili, hakikisha ni injini kweli. Ukitoka safari, shika karibu na kila gurudumu, pole pole usiungue. Moja likiwa moto kuliko mengine, breki inashika na gari inavuta mzigo usioonekana. Halafu klachi: ukikanyaga mafuta kwa gia kubwa mlimani na mizunguko inapanda lakini gari haiongezi mwendo, injini iko sawa, klachi inateleza. Hivi vipimo viwili havina gharama yoyote.

Tatu, kidhibiti mwendo. Tangu zile sheria za marehemu John Michuki zianze kufanya kazi Februari 2004, matatu zinatakiwa kufungwa kidhibiti cha kilomita 80 kwa saa. Sheria nzuri, iliokoa watu. Lakini hicho kifaa pia ni nyaya, na nyaya zinalegea. Kikiharibika kinaweza kukata petroli au kubana mafuta kabla ya wakati. Dalili yake ni rahisi: gari inafika mwendo ule ule kila siku na inagonga ukuta, hata ikiwa tupu, hata kwa mteremko. Sisemi ukikate. Nasema mpelekee aliyepewa leseni ya kukifunga akipime, kabla hujauza injini kwa makosa ya waya.

Nne, hewa. Fungua filta. Huku kwetu vumbi si mchezo, na foleni ya malori Malaba inaongeza lake. Halafu mwambie mtu akanyage mafuta hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, wewe angalia kile kipepeo cha hewa kama kinafunguka chote. Gari ya zamani yenye kebo inaweza kuwa kebo imelegea. Au zulia limejikunja chini ya pedali na mguu wa dere haufiki chini. Cheka, lakini kuna mtu ameshauziwa pampu kwa sababu ya zulia.

Tano, plagi na koili. Toa plagi zote nne, zipange kwa mfuatano wa silinda. Nyeusi kavu, petroli imezidi au haichomeki. Nyeupe sana, petroli ni kidogo au joto limezidi. Yenye mafuta ya injini, kuna mahali yanapenya. Moja ikitofautiana na zile tatu, umeshapata silinda ya kuangalia. Hamisha koili yake iende silinda ingine. Shida ikihama nayo, koili ndiyo mbaya. Hapo hujanunua kitu bado.

Sita, petroli yenyewe na presha yake. Hapa ndipo penye utamu, ngoja nikae kidogo.

Tunaishi mpakani. Petroli inauzwa kwa mitungi barabarani, bei ikipanda upande mmoja mitungi inavuka, na tarehe 14 ya kila mwezi sote tunangoja EPRA kama matokeo ya mtihani. Mtungi haujui kama jana ulibeba mafuta taa. Serikali yenyewe ilijua watu wanachanganya, ndiyo sababu mwaka 2018 iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, kusudi kuchanganya kusiwe na faida. Petroli yenye mafuta taa inaungua vibaya, injini inaanza kugonga ikibeba mzigo. Injini za kisasa kidogo kama hii TR zina sensa inayosikia huko kugonga, na kompyuta inachelewesha moto ili kuiokoa injini. Ukichelewesha moto, nguvu inapungua. Kwa hivyo gari haivuti, na injini haina kosa lolote. Inajilinda na wewe.

Kipimo cha kienyeji: dondoshea petroli kidogo kwa karatasi safi, mbali na moto. Petroli safi inakauka na kwenda zake. Mafuta taa yanaacha doa la mafuta. Si maabara, lakini inatosha kukufanya uulize maswali.

Halafu pampu. Pampu ya hizi gari za EFI iko ndani ya tangi na inapozwa na petroli yenyewe. Sasa fikiria maisha ya matatu. Dere ana hesabu ya mwenye gari ya kufikisha jioni, kwa hivyo anaweka ya mia tano, anaenda, anaweka tena ya mia tano. Taa ya petroli inawaka kuanzia Januari hadi Desemba. Pampu inafanya kazi ikiwa nusu uchi, inapata joto, inavuta uchafu wa chini ya tangi hadi kichujio chake kinaziba. Pampu kama hiyo itatoa petroli ya kutosha gari ikiwa imesimama gereji. Itaishiwa mlimani. Ndiyo sababu kupima presha gari ikiwa imesimama pekee ni kujidanganya. Funga geji, iache imefungwa, muende mlimani na watu wachache ndani. EFI nyingi za Toyota zinacheza karibu na bar 3, lakini angalia kitabu cha injini yako. Gari ikianza kulia na sindano ikianguka, una jibu. Ikibaki imesimama imara, achana na pampu, usinunue.

Saba, moshi. Ile ya vakyumu nimeshaeleza. Ongezea hii: kuna watu walifungua katalisti wakauza kilicho ndani, kwa sababu kina madini ya bei kama platinamu, paladiamu na rodiamu. Wakiivunja vibaya, vipande vinasafiri vinaenda kukwama kwa silensa. Kwa hivyo mtu akikwambia "hii gari haina katalisti, ilitolewa", bado pima. Silensa pia inaweza kuziba.

Nane, kompresheni. Sasa ndiyo tunagusa injini yenyewe, na bado hatujaifungua. Injini ikiwa na joto, betri nzima, plagi zote zimetoka, petroli na moto vimekatwa, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Pima silinda moja moja, andika. Silinda ikiwa chini, weka kijiko kimoja cha mafuta ya injini ndani, pima tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, angalia valvu au gasketi. Silinda zote nne zikiwa chini kwa kiasi sawa na gari ina kilomita nyingi, fikiria pia cheni ya taimingi iliyolegea, kwa sababu cheni ikivutika, valvu zinafunguka zikiwa zimechelewa na gari inakosa nguvu ya chini.

Na hapa kuna kitu wengi hawakijui, na kimeua injini nyingi nzima. Namba za kitabu zimeandikwa kwa usawa wa bahari. Busia na Malaba ziko juu, mita kama 1,200. Hewa ya hapa ni nyepesi, kama asilimia 12 au 13 chini ya ile ya Mombasa. Kitabu kikisema kompresheni ni 170, hapa kwetu 148 ni injini nzima, yenye afya. Vakyumu ikisemwa ni inchi 18 hadi 21, hapa toa kama inchi nne. Fundi anayeshika namba ya Mombasa na kuhukumu gari ya Busia anafunga mtu asiye na hatia. Na nguvu yenyewe inapungua vile vile: injini isiyo na taabo inapoteza karibu asilimia 3 kila ukipanda mita 300. Ukienda Nairobi kupitia Timboroa, huko juu ya mita 2,600, karibu robo ya nguvu imebaki nyuma na hakuna kitu kimeharibika. Kwa hivyo usiniambie gari "ilikuwa inavuta Mombasa". Hata wewe ulikuwa unakimbia vizuri zaidi huko.

"Lakini si kuna kompyuta?"

Hii ni ya creators wenzangu, mnaojipiga video na skana mkisema mnasoma akili ya gari. Skana ni nzuri. Natumia. Lakini skana inakwambia kile sensa inaona, haikwambii cha kununua. Ikisema mchanganyiko ni mwembamba, petroli kidogo kwa hewa nyingi, haijasema "nunua sensa". Inaweza kuwa hewa inapenya kwa mpira uliopasuka. Inaweza kuwa pampu. Inaweza kuwa sensa ya hewa ina vumbi. Utatofautishaje? Angalia namba zenyewe. Ikiwa mbaya gari ikisimama na inakuwa nzuri ukikanyaga, tafuta hewa inayopenya. Ikiwa nzuri ikisimama na inakuwa mbaya ikibeba mzigo, rudi kwa pampu, kichujio na sensa ya hewa. Hiyo ndiyo kusoma. Ile ya kufuta kodi halafu kusema "nimemaliza, nitumie elfu mbili" ni kuzima king'ora nyumba ikiungua.

Na katalisti iliyoziba, klachi inayoteleza, breki inayoshika? Zinaweza zisiwashe taa yoyote kwa dashibodi. Kompyuta itakwambia kila kitu kiko sawa, na gari bado haipandi Kisian.

Mwenye gari, usicheke, na wewe umo

Mnafikiri nimekuja kuwachoma mafundi wa jua kali pekee. Hapana. Mafundi wetu wana akili ambayo vyuo havijaifikia. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, na nimejifunza zaidi nikishika tochi chini ya gari kuliko nilivyojifunza kwa ukumbi wa watu mia tatu. Wanachokosa wengi ni geji, na sababu ya kuinunua.

Kwa nini fundi hana sababu? Kwa sababu wewe hulipii kupima. Jiulize ukweli. Fundi akikaa saa nzima akipima, akakwambia "ni mpira wa hewa umepasuka, wa bei ndogo", utamlipa hiyo saa? Utasema, "Kwani umefanya nini? Umebadilisha kampira tu." Lakini akikuuzia injini, utamlipa ya kazi bila kelele, kwa sababu umeona chuma kikitoka na chuma kikiingia. Umemfundisha kwamba akili haina malipo na chuma kina malipo. Halafu unashangaa anakuuzia chuma.

Kwa daktari unalipia kipimo hata kikisema huna malaria. Unaenda nyumbani ukishukuru. Kwa gari, fundi akisema injini ni nzima, unaona amekuonea.

Geji tatu, ya kompresheni, ya vakyumu na ya presha ya petroli, ukiziweka pamoja hazikaribii bei ya injini moja ya mtumba. Sacco yenye gari ishirini inaweza kununua seti moja ikae ofisini. Sijui kwa nini hazinunui, na pesa za rangi na muziki zinapatikana.

Mnasema naongeza chumvi

Kuna wale watasema, "Bro, gari imekula kilomita laki nne, si kawaida ichoke? Unaongea sana." Sawa. Injini zinachoka kweli. Ziko ambazo zimekwisha, zinakunywa mafuta, zinatoa moshi wa buluu, kompresheni imelala. Hizo badilisha, au rekebisha, na sitakuzuia. Ninachotaka ni namba. Uzee si kipimo. Nyanya yangu ana miaka mingi na anapanda kilima na ndoo kichwani. Huwezi kumzika kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa.

Na fikiria hesabu yenyewe. Mashine yenye kilomita nyingi ndiyo ina vitu vingi vya kando vilivyochoka: koili, mipira, pampu, katalisti, sensa. Kwa hivyo kadri gari inavyozeeka, ndivyo kukisia kunavyokuwa hatari zaidi, kwa sababu washukiwa wameongezeka. Ile sababu mnayotumia ya kutopima ndiyo sababu ya kupima. Na ile injini ya mtumba unayoletewa, nani alikwambia ni mzima kuliko yako? Imelala kwa rundo, kilomita zake hazijulikani. Mara nyingi unabadilisha mzee unayemjua na mzee usiyemjua.

Wengine watasema hii ni stori ya wenye magari, sisi vijana tunahusika vipi? Unahusika. Ni wewe unakaa kiti cha nyuma. Barabara ya Busia na ile ya Malaba zimejaa trela za kwenda Uganda na kwingine. Dere anatoka nyuma ya trela kuipita, anakanyaga, na nguvu aliyotarajia haipo. Gari ya mbele inakuja. Hapo ndani kuna watu 14, na mmoja wao ni wewe na earphone zako. Gari isiyovuta ni ya hatari kama isiyo na breki, kwa sababu dere anapanga maisha yako kwa nguvu ambayo haipo tena. Ni wewe pia kondaa unayekosa mshahara wiki mbili gari ikiwa imefunguliwa gereji. Na ni wewe mtoto ambaye karo yako imeenda kwa injini ambayo haikuwa na haja.

Ninachotaka

Sitaki maandamano. Nataka karatasi.

Gari yako, ya mzazi wako, ya bosi wako ikikosa nguvu, mwambie fundi: "Nitalipia kupima. Niandikie." Iwe na kompresheni ya silinda zote nne, presha ya petroli ikisimama na ikipanda mlima, vakyumu ikisimama na kwa mizunguko 2,500, na rangi ya plagi. Namba kama kumi hivi kwa karatasi moja. Lipa hiyo kazi hata kama hakuna kitu kimebadilishwa. Ukiwa na hiyo karatasi unaweza kuvuka barabara kwa fundi wa pili na mkabishana na namba, si na kelele. Ukinunua injini ya mtumba, mwambie muuzaji aipime mbele yako kabla hujatoa pesa. Akikataa, umeshajibiwa.

Na fundi, wewe unayesoma hii mikono ikiwa na grisi: weka bei ya kupima kwa ukuta, kubwa, kila mtu aione. Usione haya. Yule kijana wa Malaba leo ana foleni, na hauzi injini nyingi. Anauza ukweli, na watu wanatoka mbali kuununua.

Mwenye amewahi kuuziwa injini na shida ikabaki, andika hapo chini shida ilikuwa nini hasa. Gereji usiitaje. Taja kile kitu kidogo kilichofichwa nyuma ya ile sentensi kubwa. Tutengeneze orodha, ili mwingine akiambiwa "imekwisha", awe na kitu cha kuuliza.